Kabla Uambiwe Bodi Imekufa, Toa Uzi Kwanza

Pii, pii, pii. Skrini ndogo ikaandika E6, na mashini ikagoma.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne usiku. Nilikuwa na magauni manne ya ruracio ya Jumamosi. Mawili yalikuwa yameisha, mawili yalikuwa yamebaki mikono na mapindo tu. Nikazima, nikawasha. Pii, pii, pii. Nikazima tena, nikaomba Mungu kidogo, nikawasha. E6. Manze, sikujua mtu anaweza kulia juu ya herufi moja na namba moja.

Asubuhi niliifunga na leso, nikaipakata kwa matatu kama mtoto mgonjwa hadi tao. Fundi akaiangalia dakika mbili, hata hakuifungua. "Hii ni bodi. Bodi imekufa. Hizi za kielektroniki ndio shida yake." Elfu sita. Nikaomba na kuomba hadi ikafika elfu nne, nikalipa na pesa ya kitambaa ya kastoma mwingine, nikaambiwa nirudi jioni. Jioni nikaipata inashona poa. Lakini jioni ile stima ilipotea kwetu, na magauni mawili yalifika Jumamosi saa nane mchana, wageni wakiwa washakaa. Dada wawili wa bibi harusi walikuwa wameshavaa nguo zao za kawaida. Yule kastoma hajawahi kunijibu tena, na simlaumu.

Wiki tatu baadaye: pii, pii, pii.

Safari hii sikuwa na elfu nne. Na hapa wacha niseme kitu ambacho huwa sisemi: hiyo mashini si yangu kabisa. Mama alichukua loni ya elfu thelathini kwa chama, akaninunulia nilipomaliza kozi na kazi ikakosekana. Bado anailipa kila mwezi. Kwa hivyo E6 ya pili niliiona kama nimemuulia mama kitu chake. Nikaipiga picha, nikaiweka mtandaoni iuzwe. Jamaa mmoja akasema atanipa elfu kumi na mbili, atakuja Jumapili.

Jumamosi shosho akatutembelea. Shosho ameshona na cherehani ya miguu tangu kabla mama azaliwe. Nikamwonyesha ile kodi kwa skrini. Hata hakuangalia skrini. Akaniuliza, "Umetoa uzi wote?"

"Shosho, hii si kama yako. Hii ni ya kompyuta."

"Na inayoshona ni kompyuta ama ni sindano?"

Sikuwa na jibu. Akanifanya nitoe uzi wa juu, nitoe bobini, nifungue bamba la sindano na bisibisi. Pale chini kulikuwa na mpira wa nyuzi umejisokota kwa kulabu, na vumbi la vitambaa limeshikana kama blanketi kuukuu. Tukatoa yote na kibano cha nyusi na brashi ndogo ya kuchorea. Dakika kumi na tano hivi. Nikarudisha, nikawasha. Kimya. Ikashona.

Sasa ile elfu nne ya kwanza ilikuwa ya nini? Siwezi kusema yule fundi alinidanganya. Pengine kweli aligusa bodi. Lakini sikuona bodi mpya, sikuona ya zamani, na wala sikuuliza. Hapo ndipo shida yangu ilianzia. Niliingia pale nikiwa nimeshaamua kwamba kitu chenye skrini ni kikubwa kuliko akili yangu. Mtu akikujia tayari ameogopa, bei yoyote utakayomtajia atalipa, na atakushukuru juu yake.

Maoni yangu ni haya, na unaweza kukasirika ukitaka: sisi tunaoitwa kizazi cha dijitali tunaogopa vifaa kuliko shosho zetu. Tunajua kubonyeza. Kikikataa tunazima na kuwasha, kikikataa tena tunasema kimekufa. Na woga huu unatugharimu pesa kila wiki, hasa sisi ambao mashini ndiyo ofisi.

Hebu tuelewane kwanza kuhusu hiyo kompyuta. Mshono ambao cherehani yako inashona leo ni wa nyuzi mbili. Wa juu unashuka na sindano, wa chini unatoka kwa bobini, kulabu inaushika ule wa juu na kuuzungusha, zinafungana katikati ya kitambaa. Elias Howe alipewa hataza ya cherehani ya mshono huo Marekani mwaka 1846, Isaac Singer akapata yake mwaka 1851. Kampuni ya Singer ilipotoa Athena 2000 mwaka 1975, cherehani ya nyumbani yenye ubongo wa kielektroniki, mshono ulibaki ule ule. Kilichobadilika ni kwamba kazi ya kuchagua mitindo, ambayo ilikuwa inafanywa na vipande vya chuma ndani, ilipewa chipu.

Kwa hivyo mashini yako ni ile ya shosho, imeongezewa mtu wa kusimamia. Huyo msimamizi anapanga kasi ya mota, anapanga sindano iende kushoto ama kulia, na anaangalia kama mambo yanaenda sawa. Akiona ameituma mota izunguke na haizunguki, anakata nguvu ili mota isiungue, kisha anapiga kelele. Ile E6 yangu haikuwa tangazo la kifo. Ilikuwa inasema, "Kuna kitu kimenishika huku chini, nitoe." Mimi nikasikia "andaa elfu nne."

Kodi hazifanani. Kila kampuni ina zake, na E6 yangu inaweza kuwa na maana nyingine kwa mashini yako. Lakini kijitabu kiko. Kama kilipotea ama mashini ni ya mtumba, angalia namba ya modeli kwa kile kibandiko cha nyuma ama cha chini, uitafute mtandaoni. Mara nyingi kampuni yenyewe imeweka kijitabu pale bure. Bando unazomaliza kwa vidio za dansi zinatosha kukishusha mara mia.

Siku hizi nina utaratibu, na naufuata hasa nikiwa na haraka, ju haraka ndiyo iliniingiza kwa shimo.

Kwanza nazima na kuchomoa plagi. Mguu wako uko karibu na pedali na kidole chako kiko chini ya sindano. Usijaribu bahati.

Halafu uzi wa juu. Hapa ndipo wengi tunapotea, kwa sababu fujo inaonekana chini. Unageuza kitambaa unapata kiota cha ndege, unaanza kulaumu bobini. Mara nyingi kosa liko juu. Ndani ya mashini kuna visahani viwili vinavyobana uzi. Mguu wa kukandamiza kitambaa ukiwa juu, visahani vinaachana. Ukiwa chini, vinafunga. Sasa ukipitisha uzi mguu ukiwa chini, uzi haungii katikati, unapita tu kando. Hakuna kinachoubana, kwa hivyo mshono ukianza unamwagika wote upande wa chini. Inua mguu, pitisha uzi upya kutoka mwanzo, hakikisha umeingia kwa ule mkono unaopanda na kushuka. Kisha shusha mguu na uvute uzi taratibu. Lazima uhisi unakataa kidogo. Ukiteleza tu kama hakuna kitu, rudia. Hili jambo moja limeniokoa mara nyingi kuliko fundi yeyote.

Tatu, sindano. Wasee, badilisheni sindano! Wengi tunangoja ivunjike. Watengenezaji hupendekeza ibadilishwe baada ya kama saa nane za kushona, na wewe yako iko hapo tangu Krismasi. Sindano butu ama iliyopinda kidogo inaruka mishono, inakata uzi, inatoa ule mlio wa tok tok. Upande wake bapa, kwa mashini nyingi za nyumbani, unaangalia nyuma, na uisukume hadi ifike mwisho kabla ya kukaza. Ukienda kununua usiseme tu "nipe sindano ya cherehani." Za mashini nyingi za kiwandani zina shina la mviringo, hazina upande bapa, na hazifai kwa yako. Halafu linganisha na kitambaa: 70 kwa kitambaa chepesi, 80 ama 90 kwa ankara na pamba ya kawaida, 100 kwa jinzi. Ukishona fulana ama kitambaa chochote kinachovutika, tafuta sindano ya ncha ya mviringo inayosukuma nyuzi kando badala ya kuzitoboa. Msee anashona fulana na sindano ya kawaida, mishono inaruka, anaambiwa mashini imeharibika ndani. Sindano moja inatibu hiyo, na hata nauli ya kwenda tao ni ghali kuliko hiyo sindano.

Nne, bobini. Zinafanana kwa macho lakini hazilingani. Milimita mbili za urefu zinatosha kuvuruga mshono wote. Tumia aina ile ile iliyokuja na mashini, na kama ilikuja ya plastiki usiweke ya chuma ati kwa sababu inaonekana ngumu. Kwa mashini nyingi ambazo bobini inawekwa kutoka juu, ukiishika mbele yako uzi unaning'inia upande wa kushoto, picha yake ni kama herufi P. Ikiwa ni q, igeuze.

Tano, usafi. Toa bamba, piga brashi, toa vumbi. Usipulize na mdomo. Pumzi ina unyevu, na unalisukuma vumbi ndani zaidi. Na mafuta, tafadhali. Mashini nyingi za kielektroniki za nyumbani zimeandikiwa wazi kwa kijitabu kwamba usiziwekee mafuta. Nyingine zina sehemu moja tu ya tone moja. Ikiwa yako inahitaji, ni mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yanaganda na kunata, halafu utakuwa na shida ambayo hukuwa nayo asubuhi.

Kuna pia zile shida ninazoziita za bubu. Taa inawaka, skrini iko sawa, lakini mashini haishoni. Kabla ulie, uliza maswali ya kitoto. Mguu wa kukandamiza uko chini? Mashini nyingi zinakataa kuanza ukiwa juu. Kile kijiti cha kujazia bobini kimesukumwa kulia? Kikiwa huko, mashini inafikiri unajaza bobini na sindano haitasonga. Umechomeka pedali na bado unabonyeza kile kitufe cha kuanza? Kwa mashini nyingi, pedali ikichomekwa kitufe kinalala. Umechagua tundu la kifungo na hujashusha kile kijiti chake? Itakupigia kelele hadi kesho. Na kama sindano inafanya kazi lakini kitambaa kimesimama pale pale, angalia kama yale meno ya kusukuma kitambaa yameshushwa, ama urefu wa mshono uko kwa sufuri.

Hata moja ya hizo haiitaji fundi. Zote zinatafsirika kama "mashini imekufa" ukiwa umeogopa.

Sasa nije kwa kitu ambacho kweli kinaua bodi, na hatukizungumzii: stima. Hapa kwetu ni volti 240. Marekani ni 120. Auntie yako akikutumia mashini nzuri kutoka huko, ama ukiipata kwa mtumba, soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Ikiwa imeandikwa 120 peke yake, inahitaji transfoma ya kushusha, na adapta ya kubadilisha meno ya plagi haifanyi hiyo kazi. Ukiichomeka hivyo hivyo, utasikia harufu mara moja na haitarudia. Jambo la pili ni stima kupotea. Inapopotea, chomoa. Ile kurudi yake kwa kishindo ndiyo hatari. Kuzima kwa swichi ya mashini peke yake usikuamini sana. Mimi sasa nikisikia mtaa umepiga mayowe "stima imepotea!", mkono wangu uko kwa plagi kabla mayowe yaishe.

Najua kuna watu wataniambia ninawanyima mafundi kazi. Hapana. Fundi mzuri ninamhitaji na ninamlipa bila kulia. Ukinusa kuungua, ukiona moshi, ukisikia chuma kinagonga chuma, skrini ikizimika kabisa baada ya stima kurudi, ama mishono ikiruka hata baada ya kuweka sindano mpya na uzi mpya kwa kitambaa cha kawaida, hapo simama. Inawezekana sindano na kulabu hazikutani tena kwa wakati wake, na hiyo ni kazi ya mtu aliyejifunza. Usifungue ganda la mashini na kuanza kugusagusa bodi. Kuna sehemu ndani zinazoweza kushika umeme hata baada ya kuchomoa. Ujasiri si wazimu.

Ninachopinga ni kumpelekea fundi woga wetu badala ya mashini. Nenda ukiwa umeshafanya yako, useme: "Nimetoa uzi, nimebadilisha sindano, nimesafisha, bado inafanya hivi, ilianza nilipokuwa nashona kitu hiki." Fundi anayejua kazi atafurahi, umempunguzia nusu saa. Kisha omba vitu viwili. Akuonyeshe tatizo kabla hajalitengeneza, na akibadilisha kipande, akurudishie kile cha zamani. Anayekasirika kwa sababu umeuliza amekujibu tayari.

Kuna wengine wananiambia ningenunua ya miguu tu kama ya shosho, yangekwisha. Hiyo ya shosho naiheshimu. Stima ikipotea yeye anaendelea, mimi nakaa gizani na ripoti ya kampuni ya stima. Kwa mshono ulionyooka kwa kitambaa kizito, yake inaishinda yangu. Lakini yeye mwenyewe matundu ya vifungo anashona kwa mkono, na vitambaa vinavyovutika anavikataa mlangoni. Yangu inatoboa tundu la kifungo huku nikinywa chai. Kila moja ina kazi yake. Kusema za kielektroniki ni za kuharibika ni uvivu wa kusoma kijitabu, na uvivu huo ndio uliotaka kuniuzisha mashini ya elfu thelathini kwa elfu kumi na mbili.

Tangu siku hiyo mabeshte watatu wameniletea mashini "zilizokufa." Ya kwanza, kijiti cha bobini kilikuwa kimesukumwa kulia. Dada alikuwa ameacha kushona miezi miwili. Miezi miwili! Ya pili, sindano ilikuwa imegeuzwa nyuma mbele. Ya tatu ilikuwa imekufa kweli. Stima ilirudi vibaya, skrini haikuwaka tena. Nilifanya utaratibu wangu wote, nikamwambia ukweli: hii ni ya fundi, na uulize bei kabla afungue. Alilia, lakini alienda akijua anaenda kutengeneza nini.

Jumapili ile yule jamaa wa elfu kumi na mbili alifika kweli. Nilimkuta mlangoni na pesa mkononi. Nikamwambia samahani, haiuzwi, imepona. Akaniangalia kama mwizi. Nyuma yangu mama alikuwa amesimama hajui hata nilikuwa nataka kuiuza. Hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa ngumu, kumweleza kwamba nilikaribia kuuza deni lake kwa sababu ya kiota cha nyuzi.

Amebakisha miezi miwili ya chama. Miezi hiyo nalipa mimi.

Kama una mashini imelala kabatini ukisema imekufa, leo jioni itoe. Chomoa plagi, toa uzi wote, fungua bamba uangalie chini. Usipopata kitu, angalau utaenda kwa fundi kichwa kikiwa juu. Na ukipata ule mpira wa nyuzi, tafadhali, kabla unitumie picha, mpigie shosho wako kwanza.